Mtoto Mmoja Anayehesabiwa Watatu

Kengele ya mapumziko imelia na uwanja umejaa kelele, lakini mwalimu wa Darasa la Tano hajatoka nje. Amekaa kwenye kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Amevua viatu na kuegemeza miguu juu ya boksi tupu la chaki. Miguu imevimba. Mkononi ana kalamu nyekundu, na mbele yake madaftari ya hesabu yamefika kidevuni.

Anasahihisha huku anasikiliza. Wenzake wanamjia mmoja mmoja, kama wagonjwa kwa daktari. Mmoja amehamishwa bila kuulizwa. Mwingine likizo yake ya uzazi imekatwa. Wa tatu hana shida yoyote. Amemletea chai, na amechagua kikombe chenye kishikio, maana vikombe vingi vya chumba hiki cha walimu vimekatika vishikio.

"Kunywa kabla hawajakumaliza," anamwambia.

"Wakinimaliza mtachagua mwingine."

"Nani huyo atakayekubali? Mshahara hakuna, matusi tele."

Wanacheka kidogo, cheko la watu waliochoka, na kalamu nyekundu inaendelea.

Shuleni hapa wanafunzi humwita Mwalimu. Walimu wenzake humwita Mama Chama, kwa kuwa ni mwaka wa kumi na mbili sasa yeye ndiye mwakilishi wao katika chama cha walimu. Ana miaka hamsini na sita. Kazi hiyo ya uwakilishi ni ya kujitolea. Ina simu zisizokwisha, na Jumamosi nyingi hazijui nyumbani kwake kukoje.

"Mume wangu husema chama ndicho kilichonioa, yeye ameniazima tu," anasema. "Jioni akiniletea maji ya moto nikande miguu, ndipo ninapokumbuka mume ni yupi."

Leo ni Alhamisi. Keshokutwa tawi la chama linakutana, na Mama Chama ana jambo moja la kusema. Halihusu likizo wala uhamisho. Linahusu mtoto wa kike wa miaka tisa ambaye hajawahi kukaa kwenye dawati. Uandikishaji wa wanafunzi unafungwa Jumatano ijayo. Asipoandikishwa, mwaka mwingine utampita.

"Kinachoniuma," anasema, sasa kalamu imesimama, "ule mlango uliomfungia nje tumeuchonga sisi wenyewe. Tuliuchonga kwa nia njema. Tukaupigia na makofi."

Habari yenyewe ilianza miaka minne iliyopita, darasani, mbele ya ubao. Mwalimu wa Darasa la Pili hapa shuleni alikuwa na watoto sabini na wanane. Wawili kati yao hawakuweza kutembea. Msaidizi hakuwepo, kwa hiyo aliwabeba mwenyewe mgongoni, kwenda chooni na kurudi, kila walipomwita. Hakulalamika. Ni mtu wa maneno machache, na watoto walimpenda.

Asubuhi moja aliinuka na chaki mkononi, akaandika nusu ya neno, mgongo ukamkataa, akaanguka. Watoto walidhani anawachezea. Walicheka, hadi mmoja wao alipoona machozi yake, akakimbia kuita watu. Mwalimu huyo alilala kitandani muhula mzima.

Walimu waliungana kama hawajawahi kuungana. Mama Chama na viongozi wa tawi walikwenda ofisi ya elimu, wakarudishwa, wakaenda tena. Hatimaye walipata mambo mawili. Kwanza, darasa lisizidi wanafunzi hamsini. Pili, kila mtoto mwenye ulemavu ahesabiwe kama watoto watatu, kwa kuwa kazi ya kumhudumia ni ya watoto watatu. Mwalimu mwenye mtoto kama huyo atakuwa na darasa dogo, atapumua, na mtoto naye atapata wa kumtazama.

Kanuni hiyo walimu waliipa jina: mmoja kwa watatu. Siku ilipokubaliwa, waliimba barabarani kutoka ofisi ya elimu hadi kituoni.

"Tulikuwa tunawahesabu walioko ndani ya darasa," anasema Mama Chama. "Wa mlangoni hatukumkumbuka. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Ndivyo ilivyokuwa."

Uandikishaji uliofuata, walimu wakuu walianza kupiga hesabu. Mtoto mmoja wa namna hiyo anakula nafasi tatu, na nafasi zenyewe ndizo zinazogombewa. Hakuna aliyemfukuza mzazi. Waliwaambia kwa upole kwamba nafasi zimejaa, wajaribu shule ya pili. Ya pili ikawaelekeza ya tatu. Tawi lina shule kumi na moja. Mwaka jana ni mbili tu zilizompokea mtoto mpya mwenye ulemavu.

Mama Chama hakuyajua hayo kwa kusoma taarifa. Aliyajua kwa sababu zipu ya sketi yake iliharibika.

Fundi cherehani aliyemwendea ana chumba chembamba, kati ya kinyozi na duka la sabuni. Kuna cherehani moja ya kukanyaga, meza ya kukatia vitambaa, na kamba yenye nguo zinazosubiri wenyewe. Siku hiyo, chini ya meza, juu ya mto ulioshonwa kwa vipande vya vitambaa, alikuwa amekaa binti yake, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele.

Mtoto huyo alizaliwa kwa shida na alichelewa kulia. Miguu yake haina nguvu, mkono mmoja unamtii na mwingine haumtii. Ulimi wake ni mzito, maneno hutoka polepole, lakini hayaishi. Baba yake humwita Kasuku. Mama yake ni mfagiaji wa hospitali na hutoka nyumbani mapema, kwa hiyo Kasuku hushinda na baba, dukani, chini ya meza.

Fundi huyu hukata vipimo vyake kwenye magazeti ya zamani. Kuna gazeti lenye umbo la kola, gazeti lenye umbo la mkono wa shati, gazeti la mgongo. Kasuku ndiye mwenye kuyashika yasipeperuke. Anapoyashika, anayasoma. Herufi alifundishwa na baba yake kwenye vibandiko vya nguo, maneno akajifunza kwenye magazeti hayo.

Siku hiyo alikuwa anasoma habari ya mvua. Alisoma kwa sauti, neno moja, pumzi, neno jingine. Mama Chama alisimama na sketi yake mkononi, akasubiri. Mvua ilikuwa imefika mtoni, na mto ulikuwa unapanda, kisha mtoto akanyamaza.

"Endelea, mwanangu," Mama Chama alimwambia. "Mto ukafanyaje?"

"Ime... ishia kwapani," alisema Kasuku, akamwonesha mkasi ulipopita.

"Iliyobaki iko mgongoni," fundi alisema, akamtupia kipande kingine. "Usimtie mgeni hamu bure."

Mama Chama alicheka, akauliza swali ambalo mwalimu yeyote angeuliza. Anasoma darasa la ngapi?

Fundi alikanyaga cherehani hadi mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"La chini ya meza," alisema.

Kisha alimweleza. Amekwenda shule tatu, na hii ya Mama Chama ikiwemo, ambako watoto karibu nusu huvaa sare alizoshona yeye. Ya Kasuku aliishona miaka miwili iliyopita, akiwa na uhakika. Tangu hapo amelifungua pindo la gauni hilo mara mbili, na pindo limekwisha.

"Kila ninapofika, Mwalimu, naambiwa nafasi ipo. Nasema basi, mwanangu huyu hapa. Wanamtazama, wanatazama karatasi, wanasema huyu ni watatu. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani, usingizi wake ulipomchukua nikamtazama. Nikamhesabu tena."

"Nani aliyesema ni watatu?" Mama Chama aliuliza, ingawa alijua.

"Si chama chenu?"

Hakusema kwa hasira. Mama Chama anasema hilo ndilo lililomwuma zaidi. Fundi alimpa kigoda akae, akamtengenezea zipu papo hapo bila kumwambia arudi kesho, kama mafundi wanavyopenda kusema. Alimsindikiza hadi mlangoni.

Kesho yake Mama Chama alikwenda kwa mwalimu mkuu. Watu hawa wawili wamegombana kwa miaka mingi, na wanaheshimiana. Mwalimu mkuu alipomwona anaingia kwa kuchechemea, alimpa kiti chake mwenyewe, yeye akakaa kwenye benchi la wageni.

"Yule mtoto wa fundi namjua," alisema kabla hajaulizwa. "Nilipita pale jioni moja na kitabu cha Darasa la Pili. Nikampa asome. Nikasubiri, nikasubiri. Lakini alifika mwisho wa ukurasa."

"Basi mwandikishe."

"Darasa la Pili wako arobaini na wanane. Ongeza watatu."

"Ongeza mmoja."

"Mama Chama," mwalimu mkuu alisema, akainua miwani. "Makubaliano yako ukutani pale. Mimi nilishika karatasi, wewe ulipaka gundi. Nikiyavunja leo kwa huruma, kesho ofisi ya elimu inaniletea watoto themanini kwa darasa. Nikikataa, wataniambia, mbona ulikwisha kuyavunja? Na wewe utakuja hapa hapa kunigombeza."

"Nitakuja."

"Unaona? Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma."

Mama Chama anakiri kwamba mwalimu mkuu alikuwa anasema kweli. Kanuni ya chama ingeweza kubadilishwa na chama tu, kwenye mkutano. Na mkutano ni keshokutwa.

Kengele imelia tena. Anatia miguu kwenye viatu, wa kushoto kwanza, anasubiri maumivu yatulie, kisha wa kulia. Yule aliyemletea chai tayari amebeba nusu ya madaftari na anamtangulia darasani.

Jumamosi, ukumbi wa mkutano ni bwalo la kulia chakula la shule jirani. Viti hakuna, kuna mabenchi ya watoto, na walimu wazima wamekaa magoti yakiwa karibu na vifua. Wapo kama mia na kidogo. Kuna joto. Mwenyekiti, mwanamume mpole mwenye sauti ya chini, anapitia jambo moja baada ya jingine: michango, uchaguzi, ukumbi mwingine wa kukutania. Jambo la Mama Chama limewekwa kwenye "mengineyo", mwisho kabisa, saa ambayo mikoba imeshapandishwa mabegani.

"Mengineyo," anasema Mwenyekiti. "Kwa kifupi, jamani, watu wana njaa."

Mama Chama anasimama. Anaanza vibaya, yeye mwenyewe atakubali baadaye. Anaanza na sheria, haki ya kila mtoto, na ripoti. Watu wanatazama saa. Kisha anasema kwamba anaomba ile kanuni ya mmoja kwa watatu ibadilishwe, na hapo mikoba inashuka mabegani.

"Yaani tulichokihangaikia vile tukirudishe kwa mikono yetu?" anauliza mwalimu wa shule nyingine. "Mwajiri atacheka hadi achoke."

"Mama Chama amenunuliwa," mtu wa nyuma anasema, kwa sauti ya kutaka isikike.

"Ningenunuliwa ningekuwa na viatu vizuri," anajibu.

Wanacheka, naye anapata nafasi ya kueleza. Anachotaka ni hiki: mlangoni, siku ya kuandikishwa, mtoto ahesabiwe mmoja, kama mtoto yeyote. Akishaingia, ile kazi ya watoto watatu ibaki vile vile, ila isiwe ya mtu mmoja. Mwalimu wake aondolewe zamu ya lango na ya usafi, wenzake wazichukue. Mambo ya kumhudumia mtoto wagawane. Na madai ya kuajiriwa wasaidizi wa madarasa yaendelee kupelekwa juu, bila kupoa.

"Kwa hiyo sisi tutoe jasho, mwajiri apumzike," anasema yule wa kwanza.

Hilo nalo ni kweli. Mama Chama anaitikia kwa kichwa.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," anaongeza mama mmoja mwenye nywele nyeupe, bila ukali. "Unaugawa kirahisi, Mama Chama, kwa kuwa wewe uko Darasa la Tano."

Hapo ndipo mwalimu wa Darasa la Pili anapoinuka. Anainuka kwa hatua, mkono mmoja kwenye benchi, mwingine kiunoni. Watu wote wanamgeukia, maana hakuna asiyejua kwamba kanuni hii ilizaliwa na mgongo wake. Na kila mtu anatarajia aitetee.

"Sina hotuba," anasema. "Huyo mtoto akija, anakuja kwangu. Nina swali moja. Nani atampeleka chooni?"

Mwenyekiti anajikohoza. Anasema chama kitaendelea kudai wasaidizi, na kwamba viongozi wa juu wameahidi.

"Hilo najua, Mwenyekiti. Tumelidai tangu mgongo wangu ukiwa mzima. Mimi nauliza Jumatatu. Mtoto kaniambia, Mwalimu, nataka kujisaidia. Wengine wote wananitazama, sentensi iko ubaoni nusu. Nani?"

Feni ya ukutani inageuka upande huu, inageuka upande ule. Watu wanatazama sakafu ya bwalo kama waliodondosha kitu.

Sauti inatoka kwenye kona, ya mwalimu wa darasa la awali, mwanamke mnene mwenye umri wa kustaafu. Hajainuka wala hajanyoosha mkono.

"Jumatatu mimi. Na watoto wangu wale, chooni si ndiko ninakoishi?"

Cheko linapita. Mwalimu wa Darasa la Nne anasema Jumanne atakwenda yeye. Mama Chama anasema Ijumaa. Mwalimu wa michezo, kijana mrefu, anasema mtoto wa kike hawezi kumpeleka, lakini zamu zote za lango za mwalimu wa Darasa la Pili atazichukua yeye. "Na kile kidaraja cha ngazi ya choo nitakipigilia mbao mwenyewe," anasema. "Hata mwalimu mkuu huwa anajikwaa pale." Alhamisi inachukuliwa na yule aliyeleta chai.

Jumatano haina mtu.

Mtu mmoja anatoa simu na kuitazama, ingawa haijalia. Walimu wa shule nyingine wanawageukia wa shule ya Mama Chama, nao wanatazamana.

"Basi," anasema mwalimu wa Darasa la Pili. "Jumatano nitampeleka mwenyewe. Siku moja mgongo utanivumilia."

Anaketi vile vile alivyoinuka, kwa hatua. Aliye karibu naye anakunja sweta lake na kumwekea nyuma ya kiuno, na hakuna mwingine anayeona isipokuwa aliyekaa nyuma yao.

Tawi halikubali yote. Baada ya majadiliano marefu, linakubali jaribio katika shule hiyo moja, kwa muhula mmoja. Kwingine kote kanuni inabaki ilivyo. Mikono ya kukubali inazidi ile ya kukataa, lakini ya kukataa nayo si haba. Watu wanapotoka, baadhi wanampita Mama Chama bila kumuaga.

"Niliomba shule zote, nimepata moja," anasema nje, akiwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, viatu mkononi. "Niliomba iwe ya kudumu, nimepata muhula. Siwezi kusema nimefurahi. Nimechoka."

Jumatatu, siku mbili kabla uandikishaji kufungwa, fundi anafunga duka asubuhi. Majirani wanasema hawajawahi kuona kufuli mlangoni pale mchana. Amembeba Kasuku mgongoni, na mama yake ameomba ruhusa kazini, ameshika mfuko wenye kile kimto cha vipande vya vitambaa. Sare ni mpya. Mwalimu mkuu anaandika jina, anauliza umri, anapiga muhuri. Kasuku anataka kujua wino wa muhuri unatoka wapi. Swali linachukua muda kumalizika, na mwalimu mkuu anausubiri mwisho wake, kisha anamfungulia kijaluba cha wino aone.

Wiki saba zimepita tangu siku hiyo. Ukimwuliza Mama Chama mambo yanakwendaje, hakupambii.

Zamu huvunjika. Mwalimu wa Darasa la Nne amewahi kuuguliwa na mwanawe, Jumanne ikakosa mtu, na Mama Chama akaacha darasa lake likipiga kelele akaenda yeye. Kwenye kikundi cha simu cha tawi wameandikiwa maneno ya "wasaliti wa mapambano". Anayasoma, anaifunika simu kifudifudi, anaendelea kusahihisha. Siku nyingine mawasiliano hayakuwa mazuri, kila mtu akadhani mwenzake amekwenda, na hakuna aliyekwenda. Kasuku alijilowesha darasani.

"Mwalimu wake alivua mtandio wake akamfunga kiunoni," anasimulia Mama Chama. "Akawaambia watoto, kalamu chini, tuimbe. Wakaimba hadi mimi nikafika na maji. Hakuna mtoto aliyecheka. Nilimwosha yule binti, nikarudi darasani kwangu, nikafundisha. Nyumbani ndiko nilikolia. Mume wangu hakuuliza. Alileta maji ya miguu."

Mwalimu wa Darasa la Pili hapendi kuhojiwa. Anakubali tu mtu akae nyuma ya darasa. Kasuku amekaa safu ya mbele, kwenye dawati ambalo mwalimu wa michezo ameliongezea egemeo la mbao. Zamu yake ya kusoma ikifika, mwalimu anaweka chaki chini, anakaa kwenye kiti, anakunja mikono. Kama yeye hana haraka, nani mwingine atakuwa nayo? Mwanzoni watoto walikuwa wanammalizia maneno. Sasa mwenye kujaribu hukemewa na Kasuku mwenyewe.

"Ni... ache. Hilo langu."

Baba yake humfuata mchana. Anasema cherehani imekuwa kimya mno. Wateja wanauliza aliko yule mtangazaji wa chini ya meza, na yeye sasa hukata magazeti bila kujua yameandikwa nini. "Jioni anarudi na hadithi nzima," anasema fundi. "Zina mwanzo na mwisho. Mimi nimezoea zile za kuishia kwapani, naona ndefu."

Mwisho wa muhula, tawi litakutana tena kuamua kama jaribio liendelee, lisimame, au lipelekwe shule nyingine. Mama Chama amekwisha kumwomba Mwenyekiti jambo lake lisiwekwe kwenye mengineyo. Amemwomba fundi aje aseme mwenyewe, na fundi amejibu kwamba hajui kuhutubia, ila atakuja. Kabla ya hapo ana safari ya ofisi ya elimu kudai msaidizi wa kulipwa, kwa sababu wema wa walimu, anasema, ni kitu cha kuanzia. Huwezi kuujengea nyumba. Watu huchoka, na wana haki ya kuchoka.

Atastaafu baada ya miaka minne. Anachotamani amekisikia mara moja tu, wiki iliyopita, akipita barazani na madaftari yake.

Mwalimu mkuu alikuwa anazungukia madarasa asubuhi, kama desturi yake, kuuliza idadi ya waliohudhuria. Alisimama kwenye dirisha la Darasa la Pili.

"Wangapi leo?"

"Arobaini na tisa."

"Pamoja na yule mtoto?"

Mwalimu wa Darasa la Pili aligeuka, akawatazama wanafunzi wake safu kwa safu, kama mtu anayetafuta kweli.

"Yule yupi?" aliuliza.

Mwalimu mkuu aliandika arobaini na tisa, akaenda dirisha la pili. Mama Chama anasema alibaki barazani kidogo, miguu inamuuma, hajui kwa nini haondoki.

"Nataka jibu hilo litoke kwenye madirisha ya shule zote kumi na moja," anasema. "Hata nikiwa nimeshastaafu. Mtu atanipigia simu aniambie."